Gari ya Kikundi: Kabla X-Trail Haijamaliza Pesa Zenu



Siku hizi vikundi vingi vimetoka kwa mbuzi na viti vya kukodisha, vikafika kwa gari. Mara nyingi hiyo gari ni Nissan X-Trail iliyotumika. Imeinuka kutoka chini, inabeba watu watano na mizigo nyuma, na spea zake si ngumu kupata. Mgonjwa anapelekwa hospitali usiku, maziwa yanafika mapema, na ikikodishwa kwa harusi mweka hazina anatabasamu.

Lakini sheria ya Kenya hairuhusu gari yenye zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini. Kwa hivyo hizi X-Trail za bei ya chini ziliingia zamani na zimeshapita mikono kadhaa. Mnanunua gari pamoja na magonjwa yake.

Kabla ya kutoa pesa, ulizeni ni X-Trail gani. Ile ya kwanza, ambayo mafundi huiita T30, ilitoka Japani mwaka 2000. Ya pili, T31, ilianza 2007. Kwa macho zinafanana, zote ni kama sanduku. Tofauti kubwa iko kwa giaboksi. T30 ya otomatiki ina giaboksi ya kawaida ya gia 4. T31 nyingi za otomatiki zina ile inayoitwa CVT, na hapo ndipo vikundi vinaumia.

Ndani ya CVT kuna puli mbili na mkanda wa chuma unaozunguka kati yake. Puli zinapanuka na kujibana, na hivyo mwendo unabadilika bila gia kuingia na kutoka. Kinachozuia mkanda kuteleza ni presha ya oili. Oili yenyewe ni ya aina yake. T31 hutumia NS-2. Fundi akisema ati oili ya giaboksi yote ni sawa, mwambie asante na mwondoke na gari yenu. Dalili za CVT kuchoka ni hizi: inavuma kama mzinga wa nyuki, inatetemeka ikianza kuondoka, au ukikanyaga mafuta injini inapiga kelele lakini gari haisongi. Safari ndefu ya mlima ikiipasha moto, inakataa mwendo kabisa, halafu ikipoa inaenda kama hakuna kitu. Muuzaji akiwapeleka mzunguko wa dakika 5 tu, hamtaona lolote. Ombeni nusu saa, na mpande kilima. Shida hii si uvumi wa gereji. Kule Marekani, mwaka 2009, Nissan wenyewe waliongeza dhamana ya CVT kwa magari yao ya 2003 hadi 2010, kutoka miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 10 au maili 120,000.

T30 nayo ina ugonjwa wake, kula oili. Haivuji chini, lakini kila wiki kijiti cha kupimia kinaonyesha imepungua. Injini hii huchukua karibu lita 4, kwa hivyo ikipotea lita moja, robo imeenda. Tena haina mkanda wa timing wa mpira, ina cheni, na cheni inategemea oili safi. Oili ikiwa chafu au kidogo, cheni inalegea na kuanza kugonga asubuhi. Dereva apime kila Jumatatu kabla ya kuwasha, gari ikiwa mahali tambarare. Asingojee taa nyekundu ya oili, kwa sababu ikiwaka injini tayari inasagika.

Sasa kuchemsha, ambako nadhani kumeua injini nyingi kuliko mengine yote. Watu wa milimani husema gari yao inachemsha kwa sababu ya kupanda. Ni kweli nusu. Huko Nyahururu, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka karibu digrii 92, si 100. Injini yenyewe hufanya kazi karibu digrii 90. Kinachookoa ni kifuniko cha rejeta, ambacho hufungia presha ndani ili maji yasichemke mapema. Mpira wa kifuniko ukikatika, presha inatoka, na maji yanachemka wakati injini haina kosa lolote. Kifuniko ni kitu kidogo, lakini watu hubadilisha rejeta nzima na kukiacha kile cha zamani! Wekeni kulanti, si maji ya mtoni. Maji matupu hula vyuma ndani. Mshale ukipanda, simama hapo hapo, zima, ngoja ipoe. Usifungue kifuniko kikiwa moto, kitakuchoma uso. Hedi ya injini hii ni ya aluminiamu, na kilomita mbili za "wacha tufike tu" zinatosha kuipinda.

Kwa upande wa umeme, lalamiko la kawaida ni gari kuzima ghafla ikiwa moto, kisha kuwaka baada ya kupoa. Mara nyingi ni sensa ya krenki au ya kamu. Mashine ya kusoma makosa itaonyesha P0335 kwa krenki au P0340 kwa kamu. Lakini muelewe, namba hiyo inataja njia ya umeme, haisemi kwamba sensa yenyewe imekufa. Waya uliokatika au plagi yenye kutu hutoa namba ile ile. Fundi akague waya kwanza.

Betri nayo husingiziwa sana. Kikundi kimoja nilichokitembelea kilikuwa kimenunua betri mbili mwaka mmoja, kumbe waya wa ethi kutoka betri hadi bodi ulikuwa umelegea na kuota kutu. Mita ndogo ya umeme ingewaonyesha. Gari ikiwa imelala usiku kucha, betri nzima husoma karibu volti 12.6, ikishuka hadi 12.2 imebaki nusu. Injini ikiwaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya hapo, tazameni fanbelti, waya na alteneta kabla ya kulaumu betri. Na fiuzi ikiungua, msiweke waya wala karatasi ya sigara. Fiuzi ikiungua tena, kuna waya unaogusana mahali, na gari inaweza kushika moto.

Mpeni dereva daftari la kuandika oili, maji na kilomita, na mweka hazina alitie sahihi kila mwisho wa mwezi, kabla hajatoa pesa za petroli.