Jinsi ya kuupambia wimbo sahili sauti za piano

Taita Taveta ndiko alikozaliwa Fadhili William mwaka wa 1938, mwanamuziki ambaye, pamoja na bendi ya Jambo Boys, alirekodi wimbo wa Malaika yapata mwaka wa 1960. Ingawa utunzi wake umezua ubishi, Adam Salim wa Tanzania akiwa miongoni mwa wanaotajwa, usahili wake haubishaniwi: vikundi vitatu tu vya sauti vyatosha kuusindikiza wote.

Siri hiyo humfaa mwanafunzi wa piano, awe Voi, Wundanyi au Taveta, ambaye mkono wake wa kulia umeuzoea wimbo lakini wa kushoto ungali umelala pajani.

Kwanza, atambue sauti ambayo wimbo hutulia unapokoma. Katika nyimbo nyingi sahili, hiyo ndiyo do. Anayeanza aiweke kwenye kitufe cheupe kilicho kushoto tu mwa vile vyeusi viwili viwili. Hapo atatumia vitufe vyeupe pekee.

Pili, avijue vikundi vyenyewe: do-mi-so, fa-la-do na so-ti-re. Kisha asikilize sauti iliyoangukia pigo zito la kila kipimo, na kuchagua kikundi chenye sauti hiyo. Mi huita kikundi cha kwanza, fa na la huita cha pili, ilhali ti na re huita cha tatu. Do na so zimo katika vikundi viwili viwili, hivyo sikio ndilo liamue. Si lazima kila sauti ipate kikundi chake. Kimoja kwa kipimo chatosha.

Tatu, mkono wa kushoto usirukeruke. Kutoka do-mi-so, kidole kibaki kwenye do na vingine visogee hadi fa na la. Vivyo hivyo, so ibaki mahali pake, nazo do na mi zishuke hadi ti na re. Mwishoni, ti ipande kwenye do, nao wimbo utahisi umefika nyumbani.

Hata hivyo, mkono wa kushoto ukivuma kuliko wa kulia, wimbo humezwa. Aidha, si kila wimbo wa jadi wa Wataita hutii vikundi hivi. Ukilazimishwa, hupoteza ladha yake. Lakini anayeumudu ufundi huu hangoji kitabu cha nota: aweza kuusindikiza hata wimbo aliofunzwa na nyanyake, ambao haujawahi kuandikwa popote.