Nani Ameshika Kufuli?

Pale stesheni ya Shinyanga niliwahi kungoja sana treni ya Mwanza. Njia ilikuwa moja, na treni ya mizigo imo ndani. Yetu haiwezi kuingia mpaka ile itoke.

Kompyuta nayo ina kufuli zake. Kazi moja ikishika kumbukumbu fulani, nyingine hungoja. Hungoja mpaka lini?

Chombo cha Marekani, Pathfinder, kilitua sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai, 1997. Baada ya siku chache kompyuta yake ikawa inajianzisha upya, na shughuli zilizobaki za siku zinalala hadi kesho. Kumbe kazi ndogo ilishika kufuli, kazi kubwa ikaingoja, na kazi za cheo cha kati, zisizohitaji hata hiyo kufuli, zikaipokonya ile ndogo zamu yake. Saa ya ulinzi ikaona muda umepita, ikavunja yote.

Wahandisi waliirekebisha wakiwa hapa duniani: kazi ndogo ikishika kufuli inayongojwa na kubwa, hupewe cheo cha kubwa mpaka iiachie. Yaani kupisha kwanza behewa za pamba, ili abiria wapite.