Binti wa miaka 15 hajakomaa kuzaa

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba, leo hatuzungumzi juu ya kofia ya chuma wala viatu vya kazi. Tunazungumza juu ya mabinti zetu.

Usiku mmoja baba mmoja aliniletea binti yake wa miaka 15, aliyeolewa mwaka uleule. Uchungu wa kuzaa ulikuwa umemshika tangu siku mbili. Baba akasema: «Muganga, tulifikiri mimba ya kwanza ni hivyo.» Tulimpeleka mbio hospitalini, akapasuliwa. Yeye alipona. Mtoto wake alikufa.

Kwa nini? Binti akianza kuona damu ya mwezi, watu husema amekomaa. Sivyo. Mifupa ya kiuno chake bado inakua. Njia ikiwa nyembamba, kichwa cha mtoto kinakwama na kubana nyama karibu na kibofu. Nyama inakufa, tundu linabaki, na mkojo unatoka wenyewe mchana na usiku. Ndiyo fistula. Waganga wanaweza kuitengeneza, kama kule Panzi, Bukavu. Lakini kuzuia ni bora. Tena, kifafa cha mimba na watoto wanaozaliwa mbele ya wakati huonekana zaidi kwa mama wachanga.

Shida hii si ya kwetu tu. Kila mwaka mabinti karibu milioni 12 duniani huolewa mbele ya kutimiza miaka 18. Huko Niger, ni karibu watatu kati ya wanne. Lakini desturi hubadilika: India, mwaka wa 2005-2006, wanawake vijana 47 kati ya 100 walikuwa wameolewa hivyo; mwaka wa 2019-2021 walikuwa 23.

Hapa Kongo, sheria ya jamaa ya 1987 iliruhusu binti aolewe na miaka 15. Tangu 2016 inadai miaka 18, kwa binti na kwa kijana.

Basi, tushike haya:

1. Baba, usipokee mali ya ndoa juu ya binti asiyetimiza miaka 18.
2. Mama, mweleze binti yako mambo ya mwili wake, usingoje mtu wa njiani amfundishe.
3. Akipata mimba, msimfukuze. Mleteni dispanseri mapema. Uchungu ukianza, msikae naye nyumbani.

Yule baba ana binti mwingine, wa miaka 13. Aliniambia: «Huyu atamaliza masomo kwanza.» Na wewe, ndugu, umeamua nini?