Kinachonuka Ndani ya Difu

Msomaji mmoja wa Mafinga, mfanyabiashara wa mbao, amenunua pikapu iliyokwishatumika na kuipeleka gereji ibadilishwe oili zote kabla haijaanza kazi. Ya injini ilitoka nyeusi, akaridhika. Fundi alipofungua bolti ya chini ya difu, gereji nzima ikanuka mayai viza. Sasa anauliza kama oili ile ilikuwa imeoza, na kama aliyemuuzia gari alimficha jambo.

Ya muuzaji siyajui. Oili haikuoza. Angenusa ile mpya kabla haijamiminwa, angekuta harufu ni ileile, pengine kali zaidi. Ni harufu ya salfa, imetiwa humo kiwandani kwa makusudi, na bila salfa hiyo difu ya pikapu iliyosheheni mbao isingedumu kupanda milima.

Kazi ya difu yenyewe, jinsi inavyoliachia tairi la nje likimbie kuliko la ndani gari linapokata kona, naipita. Imeelezwa mno, na hapa haina uzito. Zinazonivutia ni gia mbili zilizo mlangoni mwa difu: pinioni, inayozungushwa na propela shafti, na krauni, gia kubwa inayoupokea mzunguko huo na kuugeuza uelekee kwenye matairi.

Zamani pinioni ilielekezwa katikati kabisa ya krauni. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya Gleason ya Rochester, Marekani, ikaja na gia ambazo pinioni yake imeshushwa chini ya kitovu cha krauni, na mwaka 1926 Packard wakaziweka katika magari yao. Shafti ikashuka, sakafu ya gari ikashuka nayo. Pinioni ikaweza kuwa nene, meno mengi zaidi yakashikana kwa wakati mmoja, na kelele ikapungua. Gia hizi huitwa haipoidi, na ndizo zilizomo katika karibu kila pikapu inayokupita barabarani.

Uzuri huo ulikuja na deni. Jino la gia ya haipoidi hubingirika juu ya mwenzake, lakini kwa kuwa pinioni imekaa kando ya kitovu, wakati huohuo linajiburuta kwa urefu wake wote. Linajiburuta likiwa limeshindiliwa: mahali meno yanapogusana ni padogo mno, na shinikizo lake huweza kupita mara 10,000 ya lile la hewa inayotuzunguka. Oili inayobaki katikati yao ni nyembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Na chuma, hata kikisuguliwa kikang'aa, ukikitazama kwa hadubini kina vilima na mabonde. Vilele vya vilima hivyo hutoboa oili vikagusana, na kabla hujafumba jicho joto la hapo limeruka mamia ya nyuzi. Chuma kwa chuma katika joto hilo huungana. Kisha gia haisubiri, inaendelea kuzunguka, na kilichoungana kinang'oka na kipande cha jino.

Hasara haibaki kwa jino moja. Zipo difu za Hilux zenye krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10, namba ambazo hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1. Zimechaguliwa hivyo ili kila jino la pinioni likutane na kila jino la krauni kwa zamu, uchakavu ugawanyike sawasawa. Hesabu hiyohiyo ina ubaya wake: jino moja la pinioni likikwaruzika, krauni ikizunguka mara 10 tu litakuwa limeyapitia yote 41.

Wengi wakisikia haya husema dawa ni oili nzito, na ile namba 90 kwenye dumu inawatia moyo. Lakini oili za gia zina vipimo vyake, tofauti na vya oili za injini. Zikipimwa zote zikiwa na joto la nyuzi 100, oili ya gia namba 90 ina uzito unaokaribiana na ule wa oili ya injini namba 40 au 50. Kwa hiyo anayejaza difu oili ya injini kwa hoja kwamba zote ni nzito amepatia uzito, akakosa mengine yote. Meno yanaokolewa na kemia.

Molekuli zenye salfa zinaelea ndani ya oili bila shughuli. Difu ikiwa baridi zimetulia, ikipata joto la kawaida la safari bado zimetulia. Vilele viwili vya chuma vikigusana na joto likaruka, molekuli iliyo jirani huvunjika, salfa yake ikakamata chuma cha jino, na papo hapo ikajengeka ngozi ya salfaidi ya chuma. Ngozi hii ni dhaifu kuliko chuma, na udhaifu huo ndio ufundi wenyewe: ikiburutwa hukatika yenyewe, jino likasalimika. Chuma kikibaki uchi, joto linaruka tena, ngozi nyingine inaota. Fosforasi nayo imo humo ikifanya kazi ya jamii hiyohiyo katika joto la chini zaidi. Ngozi hii naiita utando wa kafara. Najua kuna watakaopenda "tabaka la mhanga", ila mhanga nimzoeaye mimi huondoka mara moja, na huu hutolewa kila jino linapopita.

Watazame vijana wanaopandisha mashua ufuoni penye mawe. Wanatandika makuti mabichi chini ya mkuku, wanavuta kwa pamoja, na mkuku unayasaga makuti badala ya kusagwa na mawe. Hakuna anayetandika ufuo mzima. Kuti linawekwa pale tu mkuku unapofika. Wengine wamesimama kando na makuti yao begani, na asiyejua angewadhania watazamaji, mpaka mkuku uelekee jiwe. Kuti lililosagwa linaachwa nyuma, mwenye jipya anakimbilia mbele. Mashua inafika juu bila mkwaruzo, lakini njia yake imejaa vipande vya makuti na lundo limepungua. Ivutwe ya pili, ya tatu, ya kumi, mpaka kijana ageuke kuchukua kuti akute mchanga mtupu, na mashua inayofuata uzito wake ni uleule. Mfano wangu unachechemea mahali pamoja. Kuti hutoka shambani, ilhali utando wa kafara umetengenezwa kwa salfa na chuma cha jino lenyewe. Jino linajilipia, ila linalipa chembe badala ya kipande.

Salfa nayo ilihitaji wa kuibeba, maana haikai tu katika oili kwa kumwagwa humo. Kwa miaka mingi mmoja wa wabebaji hodari alikuwa mafuta ya nyangumi wa kichwa kikubwa. Marekani ilipoyapiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanakemia wakalazimika kutengeneza wabebaji wengine kutokana na mafuta ghafi. Mnyama wa bahari kuu alikuwa akipunguza msuguano ndani ya ekseli za malori, na madereva wachache sana walilijua hilo.

Turudi Mafinga. Ujiuji laini wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ni chembe za malipo hayo, usikutie hofu. Vipande vyenye ncha vinavyochoma kidole ni vya beringi au jino, hivyo vitafutiwe fundi wa kuifungua difu. Oili ikitoka nyeupenyeupe imeingia maji: difu ya moto ikitumbukizwa mtoni, hewa yake hupoa na kusinyaa, ikayanyonya maji kupitia kipumulio au sili.

Oili mpya iandikwe GL-5, daraja la oili za gia kama hizi, na uzito uwe ule uliotajwa katika kitabu cha gari. Difu za kuzuia tairi moja kuteleza zina oili yake maalumu. Dumu hilohilo usilipeleke kwenye giaboksi bila kusoma kitabu, kwani baadhi ya salfa hizi huila shaba iliyomo katika baadhi ya giaboksi. Gari lisimame pasawa, oili iwe vuguvugu ili itoke na uchafu wake, na ijazwe mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la juu. Na bolti ya kwanza kulegezwa iwe hiyo ya juu. Katika gari lililotumika, bolti hiyo pengine huwa imeshika kutu, na ukiimwaga oili yote chini kabla ya kugundua kwamba ya juu imegoma, umebaki na difu tupu isiyo na pa kujazia.