Nuru ya Mtu Asiyeona

Ratibu inayosomwa baada ya Isha katika misikiti ya Mji wa Kale, Mombasa, ilitungwa na kipofu. Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad alizaliwa mwaka 1634 huko Hadhramaut. Akashikwa na ndui angali mtoto mdogo, ikamtoa macho yote mawili. Juu ya hayo alihifadhi Qurani, akasomesha Tarim, akatunga vitabu na mashairi, na mwaka 1661 akaipanga Ratibu hiyo, zile dhikri fupi fupi ambazo masharifu walikuja nazo pwani yetu. Alifariki mwaka 1720. Mimi nimeisikia Ratibu hiyo tangu utotoni hapa Kibokoni, lakini habari ya macho ya mtunzi wake niliijua ukubwani, macho yangu mwenyewe yalipoanza kufifia.

Kazi yangu ilikuwa kushona kofia za mkono, zile za vitundu, ambazo kila kitundu huzungushiwa uzi mpaka kikae imara. Kofia moja njema hula wiki nyingi. Daktari aliniambia nina presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Nililia, sifichi. Bi mwalimu anayetusomesha darsa ya wanawake alikuja kunitazama, akaniambia, “Mama, unaipenda Aya ya Nuru. Basi isome sura yote, usiikate kipande.”

Aya yenyewe ni ya 35 katika Sura ya Nuru, na nyumba nyingi za mtaani mwetu zimeitundika ukutani. Inasema kwamba Mwenyezi Mungu ni nuru ya mbingu na ardhi, kisha inapiga mfano: shubaka, ndani yake taa, taa imo ndani ya kioo king'aacho kama nyota, na mafuta yake ni ya mzeituni, yanakaribia kuwaka kabla moto haujayagusa. Wanazuoni wametahadharisha tangu zamani kwamba Mola hafanani na taa wala na mwanga wa jua. Sahaba Ibn Abbas alieleza kuwa maana yake ni kwamba Yeye ndiye mwenye kuwaongoza walio mbinguni na ardhini. Na wengi katika wafasiri wanasema mfano huu unahusu nuru anayoitia ndani ya moyo wa muumini.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliiandikia aya hii kitabu kizima, Mishkat al-Anwar. Kwake shubaka ni hisia zetu, kioo ni uwezo wa kupiga picha za mambo moyoni, taa ni akili, mti ni fikra inayozaa fikra, na mafuta ni ile roho safi ya Mitume. Kwangu mimi, kioo ndicho kilichonishika. Ghazali anasema asili yake ni kitu kizito, lakini kikisafishwa hupitisha nuru, tena huikinga taa isizimwe na upepo. Bibi yangu alikuwa na kandili kwenye kidaka cha ukuta wa mawe, na kila alasiri alikisugua kioo chake kwa jivu na kitambaa. Alijua masizi ya jana yangeuficha mwanga wa leo.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, katika utenzi wake Al-Inkishafi, anauonya moyo wake kwa taa iliyoachwa kwenye upepo, na anazikumbuka taa za fahari zilizokuwa zikiwaka katika majumba ya Pate ambayo yeye aliyaona magofu. Taa ile ya upepo haina kioo. Nimeliwazia sana jambo hili. Maisha yetu yote yako upepeni, na wirdi, istighfari na kisimamo cha usiku ndivyo vya kuukinga moyo.

Nikaisoma sura yote kama nilivyoambiwa. Nilistaajabu. Kabla ya nuru kuna mambo ya nyumbani: kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia kwa watu, kisha wanaume wanaamrishwa kuinamisha macho yao, ndipo nasi wanawake tukaamrishwa. Kabla ya hayo kuna adhabu ya kumsingizia mtu uzinifu. Kwa hiyo anayetafuta nuru huku barazani anachafua majina ya watoto wa watu, ameanza mwisho. Na baada ya aya ile panatajwa nyumba ambamo jina la Mungu hutajwa asubuhi na jioni, na watu wasiosahaulishwa dhikri na biashara wala kuuza. Hawakuambiwa wafunge maduka wakaishi pangoni! Hayo yanatuhusu hasa sisi, watu wa mji wa bandari. Aya ya 40 inamtaja aliyekosa nuru: yuko katika giza la bahari yenye kina, wimbi juu ya wimbi, na juu yake mawingu, akiunyosha mkono wake hakaribii kuuona. Mvuvi wa hapa hahitaji tafsiri ya aya hiyo.

Najua Mombasa tuna mabishano kuhusu maulidi na dhikri za pamoja. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1968 hadi 1980, aliandika kupinga bidaa. Na tafsiri yake ya Qurani, iliyotoka mwaka 1969, ndiyo niliyosomewa Sura ya Nuru. Ninamwombea rehema yeye na Imam al-Haddad pamoja, wala sioni kwamba namsaliti yeyote kati yao.

Siku hizi mjukuu wangu hunishika mkono alfajiri tukienda kuswali. Nimemfundisha dua ya Mtume aliyoipokea Ibn Abbas, ya kuomba nuru moyoni, machoni, masikioni, kulia na kushoto, juu na chini, mbele na nyuma. Yeye huanza na macho, kwa ajili yangu. Namrekebisha kila mara: moyo kwanza, mwanangu, ndivyo Mtume alivyoipanga.