Fungu lina gramu ngapi?

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni wiki iliyopita. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuyasikia.)

Wiki hii sina habari za mbali. Nataka tuzungumze juu ya fungu la nyanya, kitu ambacho wengi wetu tulikinunua jana jioni na tutakinunua tena leo, bila kujiuliza kina uzito gani.

Juzi nilipita kwenye genge moja nikanunua mafungu matatu ya nyanya, kila moja shilingi 1,000. Mwenye genge alinishangaa kwa sababu niliomba kila fungu alitie kwenye mfuko wake. Nilikwenda nayo kwenye duka la jirani lenye mizani. Fungu la kwanza lilikuwa na gramu 410. La pili gramu 520. La tatu gramu 350. Hilo la tatu ndilo lililonivutia kuliko yote: nyanya nne zinang'aa, zimepangwa tatu chini na moja juu kama piramidi. Lile zito lilikuwa na nyanya tisa ndogo ndogo ambazo hazikupendeza hata kidogo kwa macho. Sasa fanyeni hesabu. Kwa fungu lile zuri nimelipa karibu shilingi 2,860 kwa kilo, na kwa lile baya nimelipa kama shilingi 1,920. Genge ni lile lile, saa ile ile, na mchuzi ni ule ule.

Naomba nieleweke. Simlaumu mwenye genge. Huyu ni mtu aliyeamka alfajiri akaenda Ilala au Mabibo, akagombea tenga, akalipia usafiri na ushuru, na katika tenga hilo zipo nyanya zilizopondeka njiani ambazo hawezi kuziuza kwa bei ya nyanya. Hasara hiyo lazima aigawe kwenye mafungu. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaodhani kila anayeuza mboga mtaani ni mlanguzi.

Lakini fungu lina siri yake. Bei ya kilo hupanda na kushuka, mlaji akaiona na akalalamika. Bei ya fungu haipandi kila siku, kwa sababu watu wamezoea kutoa noti moja na kuondoka. Kinachobadilika ni fungu lenyewe. Mvua za masika zikianza, barabara za mashambani zikiharibika na ukungu ukishambulia nyanya huko Iringa, Morogoro na Lushoto, fungu la nyanya sita huwa la nyanya tano, kisha nne. Wewe unaendelea kutoa shilingi 1,000 ile ile na kusema nyumbani kwamba bei haijapanda. Imepanda, tena sana. Kutoka nyanya sita hadi nne kwa fedha ile ile ni sawa na bei kupanda kwa nusu nzima.

Kwa hiyo jambo la kwanza kwa mnunuzi ni kuhesabu na kupima kwa mkono. Usitazame kilele cha fungu, tazama kitako chake. Inua nyanya moja: iliyo nzito kwa umbo lake ina nyama, iliyo nyepesi ina uwazi ndani. Ndivyo ilivyo pia kwa machungwa na malimau. Ganda jembamba na laini lenye uzito lina maji. Ganda nene lenye mabonde mabonde unalipia ganda.

Na ukinunua kwa sado, usione haya kuigeuza kabla haijajazwa. Wengi tunajua kwamba lilikuwa kopo la rangi la lita nne, na ndiyo maana ya jina. Kopo likibonyezwa kitako kikaingia ndani, haliwi tena la lita nne, hata likijazwa mpaka limwagike. Mwenye sado nzima hatachukia ukiigeuza.

Swali linalojitokeza ni hili: kwa nini mwenye fedha kidogo ndiye anayenunua kwa bei kubwa? Mwenye gari huenda sokoni Jumamosi, akanunua tenga au ndoo kwa bei ya jumla. Mama aliyepata shilingi 3,000 leo jioni hawezi kuambiwa akanunue tenga. Atanunua nyanya fungu moja, kitunguu kimoja na mafuta ya kupima, na kila kimoja kati ya hivyo, ukikigeuza kuwa kilo au lita, ni ghali kuliko alichonunua mwenye gari. Huko ndiko umaskini unakokula fedha za maskini.

Njia ninayoijua inayofanya kazi ni majirani kuchanga. Nyumba nne au tano zikitoa fedha siku moja kwa wiki, mmoja akaenda sokoni mapema na kurudi na vitunguu, viazi na nyanya za kugawana kwa mizani, nauli inakuwa moja badala ya tano. Ila hesabuni nauli hiyo na malipo ya mbeba mizigo kabla ya kufurahia. Kwa mchicha wa mafungu mawili safari haina maana. Kwa viazi na vitunguu, ambavyo vinakaa, ina maana kubwa. Na mnaogawana lazima muwe mnaaminiana, la sivyo mtarudi magengeni mkiwa mmenuniana.

Hapa ndipo tunapokutana na mkulima. Sheria ya Vipimo ipo tangu mwaka 1982, na lumbesa imepigwa marufuku mara nyingi, lakini mkulima wa viazi bado hukuta gunia lake limeshonewa kilemba na kuhesabiwa gunia moja. Wengine hudhani kwamba lumbesa, kwa kuwa inamnyonya mkulima, angalau inamsaidia mlaji wa mjini. Haimsaidii. Gunia linanunuliwa kwa gunia na kuuzwa kwa sado na fungu, na ile ziada iliyomo kwenye kilemba haifiki kwenye sufuria yako kama punguzo. Mkulima hapimiwi, na wewe hupimiwi. Anayejua uzito ni yule wa katikati peke yake.

Saa ya kwenda sokoni nayo ina bei yake. Asubuhi utachagua, jioni utapunguziwa, hasa mchicha, matembele na majani ya maboga, kwa sababu havilali. Nyanya masalo, zile zilizochubuka, si aibu kuzinunua kama unapika usiku huo huo. Kata palipopondeka. Lakini iliyoota ukungu itupe yote, maana katika tunda lenye maji mengi ukungu hauishii pale unapouona.

Halafu kuna hili la heshima ya matunda. Tunamnunulia mgonjwa matufaha kutoka Afrika Kusini, tufaha moja kwa bei ya mapera mengi, na kumbe pera lina vitamini C mara kadhaa kuliko tufaha, na kuliko chungwa pia. Mchicha na matembele vina vitamini A ambayo kabichi nyeupe inayo kidogo mno, ingawa kabichi ndiyo inayopewa nafasi kwenye sahani za harusi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Kwa matufaha na zabibu, hilo ni jambo la matajiri. Kwa mapapai, matembele na maembe ya Desemba, au machungwa ya Muheza yanapojaa mjini katikati ya mwaka, si jambo la matajiri.

Mkishafika nyumbani, osheni mboga za majani kwa maji safi mengi, maana nyingine hulimwa mabondeni ambako maji yake hayaaminiki. Osheni kabla ya kukata, si baada yake. Nyanya msizioshe mpaka siku ya kuzipika, na zitandazwe, zisirundikwe. Vitunguu vining'inizwe penye hewa. Viazi viwekwe gizani; vikipata mwanga hugeuka kijani, na hicho kijani ni dalili ya sumu. Mimi mwenyewe viazi vyangu vilikaa dirishani wiki iliyopita, nikatupa karibu nusu.