Damu isiyo na maumivu: kondo la nyuma linapofunga mlango wa uzazi

Mama ana mimba ya miezi nane. Usiku anaamka, anakuta damu nyekundu kitandani. Tumbo halimuumi, mtoto anacheza kama kawaida. Anabadilisha nguo, anaomba, analala tena. Asubuhi damu imekatika, na hamwambii mtu.

Wapendwa, damu ya namna hiyo mara nyingi hurudi, na ikirudi inaweza kuwa nyingi zaidi.

Kondo la nyuma ndilo linalompa mtoto chakula na hewa kutoka kwa mama. Kwa kawaida hujishika upande wa juu wa tumbo la uzazi. Lakini karibu kwa mimba moja kati ya 200 hukaa chini na kufunika mlango ambao mtoto angepitia. Miezi ya mwisho, sehemu hiyo ya chini inapotanuka, kondo hubanduka na damu hutoka. Si uchawi, wala si adhabu ya dhambi. Hutokea zaidi kwa mama aliyewahi kupasuliwa, aliyezaa mara nyingi, mwenye mapacha au aliyepita miaka 35.

Mama anaweza kuishiwa damu kwa muda mfupi. Kama alipasuliwa zamani, kondo linaweza kuota ndani ya kovu na kukataa kutoka, hata daktari alazimike kuondoa tumbo la uzazi ili kumwokoa. Mtoto naye mara nyingi huzaliwa kabla ya wakati: uzito mdogo, mapafu machanga, baridi inamshika upesi. Ndiyo maana huwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi.

Ekografi ndiyo inayoonyesha kondo liko wapi. Ukiambiwa kwenye mwezi wa tano kwamba liko chini, usiogope: mara nyingi hupanda tumbo linapokua. Lakini rudi kupimwa karibu na wiki ya 32. Likiwa bado limefunika mlango, mama hupasuliwa, kwa kawaida wiki ya 36 au 37, kabla uchungu haujaanza. Mama anayetoka damu asipimwe kwa vidole kabla ya ekografi, wala asiwekewe dawa ya kienyeji ukeni.

Hapa Katindo hatuko mbali na msaada. Hospitali ya kijeshi iko mtaani kwetu, na mjini Goma kuna HEAL Africa na CBCA Virunga. Lakini usiku, juu ya pikipiki, kwenye mawe ya volkano, njia fupi inakuwa ndefu. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, wengi hawakuweza kutoka nyumbani, na hospitali zilijaa majeruhi waliohitaji damu.

Raheli alipendwa sana na Yakobo, lakini alifia njiani karibu na Bethlehemu akimzaa Benyamini. Upendo peke yake haukumfikisha.

Basi kila kikundi cha wamama kijue nani ana mimba na kama anaenda CPN. Familia iwe na namba ya motari au ya mwenye gari. Baba akubali mapema kwamba mkewe akihitaji kupasuliwa, apasuliwe. Vijana wetu wajue kundi lao la damu na wawe tayari kuitoa.

Na damu ikionekana, hata kidogo, hata bila maumivu, twende hospitali saa ile ile. Tutaomba tukiwa njiani.